Mali bila Daftari: Hazina ya Mbuga na Magofu Yetu

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalisikia sana likitajwa madukani, ambako mwenye duka huandika kila senti iingiayo na kila senti itokayo. Lakini je, ndovu wa Tsavo naye ana daftari? Na ngome ya Fort Jesus iliyoko Mombasa, je, nayo ina daftari? Huenda swali hili likamchekesha msomaji. Hata hivyo, historia ya Kenya yaonyesha wazi kwamba wanyama wa porini na majengo ya kale vimesalimika au vimeharibika kwa kadiri fedha za kuvitunza zilivyopangwa.

Sheria ya kuanzisha mbuga za taifa ilipitishwa katika mwaka wa 1945, wakati wa utawala wa Kiingereza. Baraza la Wadhamini likaundwa, na Mervyn Cowie akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1946, mbuga ya Nairobi ilifunguliwa, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 117. Mwaka wa 1948 ikafuata Tsavo, nchi kubwa ya kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Baraza hilo hilo lilikabidhiwa pia magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua nyumba, misikiti na makaburi ya mji uliokwisha kuhamwa. Hivyo mkono mmoja ulipewa simba wa kulindwa na kuta za kuegemezwa.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu moja ilikuwa ruzuku ya serikali, na sehemu ya pili ada waliyolipa wageni mlangoni. Hapa ndipo taabu ilipoanzia. Mbuga ya Nairobi i karibu na mji, na mtu aweza kuizuru asubuhi akarudi nyumbani adhuhuri. Tsavo ilikuwa nyika kavu. Ilitaka kwanza barabara, visima, magari na askari, ndipo mgeni aweze kuingia na kulipa. Mbuga ni kama shamba la minazi: mwenyewe hana budi kugharimia miche miaka mingi kabla ya kuangua dafu la kwanza.

Fort Jesus yatufundisha jambo jingine. Ngome hiyo iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593 ilikuwa gereza hadi mwaka wa 1958. Ndipo Wakfu wa Gulbenkian ulipotoa fedha za kuitengeneza, na mwaka wa 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Zawadi hiyo ilikuwa njema sana. Lakini zawadi hutolewa mara moja, na mawimbi hupiga kila siku. Mlinzi hudai mshahara kila mwezi, na chokaa hubanduka kila masika. Mwenye kupokea zawadi ya kujengea nyumba bila kufikiri mapema atakayoitunzia, amejitwika deni.

Tena ilikuwako gharama isiyoandikwa katika daftari la baraza. Waata walikuwa wawindaji hodari wa ndovu katika nchi ya Tsavo tangu zamani. Mnamo miaka ya 1956 na 1957 ulifanywa msako mkubwa dhidi ya uwindaji, na wengi wao wakatiwa gerezani. Waliipoteza riziki yao ili mbuga ipate kusimama, wala ada za mlangoni hazikuwalipa fidia. Kosa la namna hii lilianza kutambuliwa mwaka wa 1961, Amboseli na Mara zilipowekwa chini ya mabaraza ya wilaya ya Wamaasai, ili ada za wageni ziwafae wenye nchi.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1966, Perez Olindo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkurugenzi wa mbuga za taifa. Kisha mwaka wa 1976 baraza liliunganishwa na Idara ya Wanyama, yote yakawa chini ya wizara. Tangu hapo mapato ya milangoni yaliingia katika hazina kuu ya serikali, nazo mbuga zikangojea mgao wa kila mwaka pamoja na idara nyingine zote. Mgao haukutosha. Magari yalikosa vipuri na petroli, na askari walikabiliana na majangili wenye bunduki bora kuliko zao. Ndovu wa Kenya waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, walibaki chini ya 20,000 kufikia mwaka wa 1989. Ubovu wa hesabu haukuwa sababu pekee, kwani bei ya pembe ilipanda sana na rushwa ilikuwako; lakini mlinzi asiye na petroli hawezi kumfukuza jangili.

Mwezi wa Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya ulimwengu. Shirika jipya la Huduma kwa Wanyamapori likaanza kazi mwaka wa 1990 chini ya Richard Leakey, likiwa na ruhusa ya kutumia mapato yake lenyewe. Wafadhili walileta misaada mikubwa. Leakey aliahidi pia kwamba robo ya ada za milangoni itawafikia majirani wa mbuga, lakini ahadi hiyo haikutimizwa kwa ukamilifu, kwa maana matumizi ya shirika yalizidi mapato yake. Ahadi nayo ni tumizi, na yapasa kuandikwa katika daftari kabla ya kutamkwa.

Twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni asipokuja? Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga viwanja vya ndege, ada zilikauka kama kisima wakati wa kiangazi, na serikali ikalazimika kutoa fedha ili walinzi walipwe. Faru hakujua kwamba wageni hawapo. Alihitaji kulindwa vile vile.

Basi, vijana wasomaji, mtakapokabidhiwa kazi hizi, kumbukeni mambo matatu. Wekeni akiba mwaka wa neema, kwani akiba haiozi. Msitegemee mfuko mmoja. Na mwandikieni jirani wa mbuga fungu lake katika ukurasa wa kwanza wa daftari, wala msimwachie makombo. Magofu ya Gedi yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2024. Dunia imekwisha kuyasifu. Kuyatunza kumebaki juu yetu, mwezi kwa mwezi, shilingi kwa shilingi.