Kabla ya kufunga trela kwenye bampa mpya, chungulia chini ya gari

KATIKA kaunti za Kisii na Nyamira, ambako ardhi tambarare ni adimu na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne hayanunuliwi kwa maringo tu. Hayo ndiyo hufika penye majanichai na migomba wakati magari mengine yamekwama, na si ajabu mwenyewe kutaka yavute pia trela ndogo ya mikungu ya ndizi, tangi la maji, jenereta au mawe.

Wengi huondoa bampa ya nyuma iliyotoka kiwandani na kuweka nyingine nzito ya chuma. Baadhi huagiza za kampuni za ng'ambo kama vile ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, na wengine huwaendea mafundi wa jua kali wawaundie. Kisha katikati ya bampa hiyo huwekwa kirungu cha chuma chenye kichwa cha duara, ambacho kikombe cha trela hukalia.

Bampa ya aina hii yaweza kuwa thabiti kama mwamba ilhali haifai kuvuta hata mkokoteni. Kinachovuta trela si bampa bali chesisi, ile mihimili miwili mirefu inayobeba gari zima. Bampa ni daraja tu baina ya mihimili hiyo na mzigo. Ikiwa imeshikwa kwa vyuma vyembamba vilivyonuiwa kubeba bampa ya awali, unene wake hauna faida yoyote.

Kwa hivyo, mnunuzi hana budi kulala chini ya gari na kutazama. Bampa ya kuvutia trela huwa na mabamba mazito yanayoingia mbele kando ya kila mhimili wa chesisi, nayo hufungwa kwa bolti kadhaa kila upande. Vichwa vya bolti hizo viwe vimepigwa chapa ya 8.8 au 10.9, bolti isiyo na chapa haistahili kuaminiwa kwa kazi hii. Kwa kuwa mhimili wa chesisi ni mtupu ndani, bolti inayoupenya huhitaji kipande cha bomba ndani yake ili chuma kisibonyee nati inapokazwa.

Kuchomelea bampa moja kwa moja kwenye chesisi ni njia rahisi, lakini joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho kando ya mshono, na hapo ndipo ufa huanzia. Wenye Land Rover Defender za zamani wana jambo jingine la kuangalia: mhimili wa nyuma unaokingama, ambao ndio hubeba kirungu, hujulikana kwa kuliwa na kutu kutoka ndani. Ugongeni kwa nyundo. Ukitoa sauti ya kopo, trela isubiri.

Mtu aweza kuuliza, haya yote ya nini kwa trela ndogo? Jibu ni milima. Kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, trela ya kilo 1,500 huvuta gari nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 150, mbali na ukinzani wa matope. Kila gurudumu linapotumbukia shimoni, nguvu hiyo huongezeka maradufu kwa kishindo. Isitoshe, kirungu kilichoning'inia chini ya bampa huwa kama mkono wa spana: kila kishindo hujaribu kuisokota bampa itoke mahali pake.

Na kuteremka ndiko hatari zaidi. Trela isiyo na breki zake husukuma gari, hasa penye kona. Ndiyo sababu nchi nyingi huweka kikomo cha kilo 750, trela na mzigo pamoja, kwa trela zisizo na breki, hata kama gari lenyewe, mathalan Land Cruiser, laweza kuvuta kilo 3,500 zenye breki. Bampa mpya haiongezi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari, hata ikiwa nzito kiasi gani.

Hapa wasafirishaji wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka, Kisii, wanastahili kutahadharishwa kuliko wote. Mita moja ya ujazo ya jiwe hilo ina uzito wa takriban tani 2.7. Trela isiyo na breki yenye uzito wa kilo 250 hubakiwa na nafasi ya kilo 500 pekee. Mawe ya uzito huo, yakipangwa bila mwanya katika trela ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, hayafiki kimo cha sentimita 8. Mtazamaji ataiona trela karibu tupu, kumbe imejaa. Ndizi hudanganya kwa namna nyingine: zikirundikwa nyuma, mkia wa trela huanza kuyumba. Mzigo upangwe hivi kwamba takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wote iangukie kwenye kirungu.

Uzito huo nao una gharama yake. Kilo 100 zikining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.7, huondoa kilo 44 hivi kwenye magurudumu ya mbele. Ongeza bampa yenyewe, gurudumu la akiba na mitungi ya mafuta iliyoning'inizwa juu yake, na usukani utaanza kuwa mwepesi penye kupanda.

Jambo jingine hutokea sana wakati wa masika. Gari limekwama, mwenzako amefika na kamba, naye anatafuta pa kuifunga. Abadan asiifunge kwenye kirungu. Kirungu hakikuumbwa kuhimili mtutumko wa ghafla. Kikikatika, huruka kama risasi, na nchini Australia watu wameuawa kwa namna hiyo. Bampa nzuri huwa na vipete vya kukwamulia vilivyo mbali na kirungu na vinavyoshikana na chesisi.

Kirungu na kikombe pia vilingane. Vya Ulaya ni milimita 50, vya Marekani ni milimita 50.8. Kikombe cha Kimarekani juu ya kirungu cha Ulaya hulegea, na tofauti hiyo ndogo haionekani kwa macho. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ikiwa imepishana, ifungwe kwenye bampa wala si kwenye kirungu.

Kisheria, trela husajiliwa kivyake, na nambari zake nchini Kenya huanza kwa herufi Z. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watu, zikiwemo taa. Bampa pana mara nyingi huziba taa za nyuma au nambari ya gari, na fundi aliyeiunda ndiye wa kuambiwa azihamishe kabla hajalipwa.