Mlinganyo wa mstari mnyoofu

Mlinganyo wa mstari mnyoofu ni kanuni inayofungamanisha jira mbili za kila nukta iliyo juu ya mstari huo, yaani namba zinazoonyesha mahali pake: x kwa mlalo na y kwa wima. Nukta ikiwa juu ya mstari, jira zake hutosheleza mlinganyo. Ikikaa pembeni, hata kwa unywele, hazitoshelezi. Kwa hiyo mchoro usio na mwisho upande wowote huandikika kwa herufi chache tu: y = mx + c. Namna hii ya kuikutanisha aljebra na jiometri ilipata nguvu Ulaya baada ya René Descartes kuchapisha La Géométrie mwaka 1637.

Herufi m ni mteremko, yaani badiliko la y kwa kila kizio kimoja cha x. Mstari unaopanda kuelekea kulia nao husemwa una mteremko, ila ni chanya; unaoshuka una mteremko hasi. Herufi c ni jira ya y pale mstari unapoukata mhimili wima. Vitabu vya Marekani huandika b mahali pa c.

Tuchukue grafu ya nyuzijoto: Celsius kwenye mhimili mlalo, Fahrenheit kwenye mhimili wima. Barafu huyeyuka kwenye 0 ya Celsius, ambayo ni 32 ya Fahrenheit. Maji, kwenye usawa wa bahari, huchemka kwenye 100, ambayo ni 212. Nukta hizo mbili zinatosha. Mteremko ni (212 − 32) ÷ (100 − 0) = 1.8, na mhimili wima unakatwa kwenye 32, hivyo F = 1.8C + 32. Inafaa kuhakiki kwa nukta ya tatu ambayo haikutumika: C ikiwa −40, F nayo huwa −40, na mstari hakika unapita hapo.

Makosa mengi hutokana na kuhesabu miraba ya karatasi bila kusoma skeli. Mraba mmoja ukiwa nyuzi 10 kwa mlalo na nyuzi 20 kwa wima, safari ya kutoka 0 hadi 100 ni miraba 10, na kupanda kwake ni miraba 9. Anayegawanya miraba atapata 0.9, nusu ya jibu sahihi. Mtego mwingine ni mhimili mlalo usioanzia 0. Ukianzia 10, mstari utaonekana kuukata mhimili wima kwenye 50, na 50 si c. Hapo c hutafutwa kwa hesabu: 50 − 1.8 × 10 = 32.

Mstari wa mlalo una mteremko 0, na mlinganyo wake hubaki y = c. Mstari wa wima hauna mteremko kabisa, kwa kuwa tofauti ya x ni 0 na hakuna kugawanya kwa 0; huandikwa kwa jira yake ya x pekee, kwa mfano x = 3.