Ziwa Turkana: Maji Yaliyofungiwa Jangwani

Septemba 1897, pale Eldama Ravine, kombania tatu za askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza ziliasi. Walikuwa wamechoshwa na vita visivyokwisha, mshahara ulikuwa mdogo na wa kusubiriwa, na sasa Meja Macdonald alitaka wamfuate tena kaskazini, upande wa Ziwa Rudolf, kama Turkana ilivyoitwa wakati huo, wake na watoto wao wakiachwa nyuma. Walikataa. Wakageuza njia kurudi magharibi, na uasi ulipofika Busoga damu nyingi ikamwagika.

Miaka michache baadaye wenzao wa asili hiyohiyo, wale waliobaki katika jeshi la King's African Rifles, walionyeshwa msitu kando ya Nairobi wakae humo na familia zao. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa zao. Hiyo ndiyo Kibera, na Wanubi wa Makina, kimojawapo cha vijiji vyake, ndio wajukuu wa askari wale. Kijiji kingine humo, cha Raila, kilikuja baadaye sana, wakati bonde zima lilipokuwa limekwisha jaa mabati. Mkazi wa Raila au Kawangware akiambiwa habari za Turkana leo hujibu kwamba huko ni mbali, na simlaumu. Lakini upepo wa ziwa lile humfikia kila jioni anapowasha taa, jambo nitakalolirudia.

Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zaidi ya 250, na hakuna ziwa la kudumu la jangwani duniani linalolishinda kwa ukubwa. Mto Omo kutoka Ethiopia huliletea karibu asilimia 90 ya maji yake. Turkwel na Kerio, mito yetu, huchangia kidogo inapopenda. Maji yakishaingia hayana pa kutokea isipokuwa juu angani: jua na upepo hunywa zaidi ya mita 2 kila mwaka. Kinachobaki ni magadi. Wapagazi wa Count Samuel Teleki walilijua hilo kwa uchungu mnamo Machi 1888. Msafara ulikuwa umetoka Pangani mwanzoni mwa 1887, na miongoni mwa waliouongoza bara alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa amekwisha kumpitisha Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai. Baada ya siku nyingi za kiu juu ya mawe meusi, watu waliyaona maji wakayakimbilia. Walipoyaonja, midomo iliwakunjamana.

Teleki akalipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ambaye hata mwaka haukupita akafa Mayerling bila kuliona. Jina hilo lilidumu hadi 1975.

Mawe yale meusi ni lava. Ziwa limelala ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda la dunia linavutwa huku na huku likazidi kuwa jembamba, na moto wa chini ukapata pa kupenyea. Upande wa kusini limezibwa na mlima wa volkeno uitwao Barrier, ambao nyuma yake kuna bonde la Suguta. Teleki na mwenzake von Höhnel walikuta volkeno ndogo papo hapo ikitoa moshi. Visiwa vitatu vya ziwa, cha Kusini, cha Kati na cha Kaskazini, vyote ni vilele vya volkeno. Mwaka 1934 mwanajiolojia Vivian Fuchs alipeleka wenzake wawili, Martin na Dyson, Kisiwa cha Kusini. Moto wao wa ishara ulionekana kutoka ng'ambo, kisha kimya. Hawakupatikana mpaka leo. Fuchs huyo ndiye aliyekuja kuongoza msafara wa kuvuka Antaktika mnamo 1957 na 1958, na sishangai: aliyelijaribu ziwa hili upepo ukivuma hakosi ujasiri wa kukabili barafu.

Swali linalonivutia kuliko yote ni la samaki. Ziwa halina mlango, liko katikati ya jangwa, lakini ndani yake mna sangara, ngege, kambare na mamba wa Mto Nile. Waliingiaje? Jibu liko kwenye kingo. Miaka kama 10,000 iliyopita nchi hii ilikuwa na mvua tele, na maji yalisimama karibu mita 100 juu ya yalipo sasa. Ziwa lilifurika upande wa kaskazini-magharibi, likamwaga maji yake hadi kwenye Nile, na viumbe wakapata njia. Leo, mbali kabisa na maji, utaokota makombe ya konokono wa majini na vyusa vya mfupa vya wavuvi wa zamani pale Lothagam. Mvua ilipokoma, mlango ukajifunga na wageni wakabaki. Wengine wamebadilika wakawa wenyeji kamili: kuna sangara mdogo wa kina kirefu na kobe wa matopeni ambao hawapatikani kwingine popote.

Mamba wanastahili kutazamwa kwa karibu. Kisiwa cha Kati kina mashimo ya volkeno yaliyojaa maji, na mojawapo la mashimo hayo limepewa jina lao. Jike huchimba mchanga wa pwani, hutaga, hufukia, kisha hulinda wiki kama 12 huku kenge akizunguka akitafuta nafasi. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, mama hufukua mchanga na kuwabeba mdomoni mpaka majini, kwa meno yaleyale yanayovunja mfupa wa ng'ombe. Wamesalia wengi hapa kwa sababu isiyo ya heshima sana: ngozi zao hazikuwapendeza wanunuzi, kwa hiyo wawindaji walihangaika na mamba wa kwingine. Mashariki mwa ziwa, katika Hifadhi ya Sibiloi iliyoanzishwa 1973, choroa, nyamera na punda milia hula majani makavu kati ya magogo yaliyogeuka mawe. Magogo hayo ni ya msitu uliosimama hapo enzi ambazo binadamu hakuwapo.

Na alipokuja, ardhi ilimwekea kumbukumbu. Koobi Fora, upande huohuo wa mashariki, 1972, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu vilivyokuja kuitwa 1470. Mtafiti Richard Leakey akatangaza kuwa fuvu hilo lina miaka karibu milioni 2.9, kwa sababu lilikuwa chini ya tabaka la majivu ya volkeno lililopimwa kuwa na miaka milioni 2.6. Wenye kusoma mifupa ya nguruwe wakapinga. Nguruwe wa chini ya majivu yale, walisema, ni sawa na wale wa bonde la Omo ambao umri wao unajulikana kuwa mdogo zaidi. Wataalamu walibishana kwa miaka. Majivu yakapimwa upya, na nguruwe wakashinda: miaka milioni 1.9 hivi. Mimi huona ndiyo hadithi bora ya elimu iliyowahi kutoka nchini kwetu, nayo shuleni haifundishwi.

Agosti 1984, ng'ambo ya magharibi, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku, alitembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome siku ya mapumziko, akaona kipande kidogo cha mfupa, rangi yake sawa na ya kokoto. Kutoka hapo ikafukuliwa sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyefariki miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu hakuwa na shahada. Alikuwa na macho, na uvumilivu wa kutembea juani akiangalia chini.

Wageni wengine waliangalia juu. Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto lile kuligharimu kuliko samaki wenyewe, na kabla muongo haujafika katikati Ghuba ya Ferguson, walikovuliwa samaki, ilikuwa inakauka. Wafugaji walioacha mifugo wakawa wavuvi walibaki bila hiki wala kile. Mvuvi yeyote mzee wa hapo angewaambia kwamba ghuba ile huja na kwenda.

Kisha likaja bwawa la Gibe III juu ya Omo, lenye ukuta wa mita 243, lililozinduliwa Desemba 2016. Mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza hifadhi za ziwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wakajiandaa kwa ukame, lakini mvua za 2019 na 2020 zikaleta kinyume chake: maji yalipanda, yakawatenga watu wa jamii ya El Molo wa kijiji cha Komote na bara, yakafunika makaburi yao na shule.

Sasa ule upepo. Hupita katika mwanya kati ya Mlima Kulal na Nyiru bila kupumzika, na mitambo 365 imesimamishwa kuukinga. Tangu 2018 umeme wake husafiri kilomita 428 hadi Suswa, ukagawanywa nchini. Agosti 25, 2023 Kenya ilipotumbukia gizani, wasimamizi wa gridi waliutaja mtambo huo na wenye mtambo wakairudishia gridi lawama. Giza lilikuwa lilelile Raila na uwanja wa ndege. Lakini vijiji vingi jirani na mitambo hiyo vimezoea giza bila kungoja hitilafu, na hilo ni aibu.

Kijana wa Nariokotome anahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, mwendo wa matatu mbili kutoka Kibera. Mzazi unayesoma haya, mpeleke mtoto likizo hii kabla ya kumpeleka kwingine, na umtajie jina la Kamoya Kimeu.