Peter Helck, mchoraji aliyelinunua gari la utotoni mwake

Oktoba 6, 1906, magari yaliondoka alfajiri kuwania Kombe la Vanderbilt kwenye barabara za mashambani za Long Island, nje ya jiji la New York. Kati ya maelfu ya watazamaji alikuwamo kijana wa miaka 13, Peter Helck. Aliyewahi kusimama kando ya njia Safari Rally ikipita atalielewa kundi lile: watu wametanda katikati ya barabara, muungurumo ukisikika wanapasuka pande mbili, gari likishapita wanajifunga tena. Mtazamaji mmoja aligongwa akafa. Mfaransa, Louis Wagner, akachukua kombe kwa gari la Darracq, na mwaka uliofuata mbio hazikufanyika kabisa.

Gari lililomkaa Helck moyoni halikushinda siku ile. Lilikuwa Locomobile ya Kimarekani, iliyosanifiwa na Andrew Riker na kuundwa Bridgeport, Connecticut, ikiendeshwa na Joe Tracy. Ilikuwa na silinda nne tu, lakini ujazo wa injini ulizidi lita 16, na nguvu ilifika magurudumu ya nyuma kwa minyororo. Tracy aliweka mzunguko wa kasi kuliko wote, ila tairi zilimwangusha. Miaka miwili baadaye, Oktoba 24, 1908, gari lile lile lilirudi likiwa na namba 16 ubavuni na George Robertson kwenye usukani. Tairi ilimpasukia karibu na mwisho, wakabadilisha mbiombio, akashinda kwa wastani wa kilomita 103 hivi kwa saa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la Marekani kulitwaa kombe hilo mbele ya Wazungu wa Ulaya.

Helck akaenda kusomea uchoraji, kwanza New York katika Art Students League, kisha London kwa Frank Brangwyn. Kwangu mimi, Brangwyn ndiye anayemweleza Helck kuliko shule yoyote. Mwingereza yule alipenda kuchora bandari, viwanda na vibarua waliokunja migongo chini ya mizigo. Helck aliporudi kwao alipata mkate kwa kuchora matangazo ya biashara: treni, malori, tanuri za chuma. Ni kazi ambayo wachoraji wengi huizungumzia kwa aibu, lakini hapo ndipo alipojifunza kumfanya mtu aliye mbele ya picha auhisi uzito wa chuma.

Uzito huo ndio unaozitofautisha picha zake za mbio za magari. Wachoraji wa Ufaransa wa enzi za mwanzo, Ernest Montaut akiwa kinara wao, walionyesha kasi kwa kulilaza gurudumu mbele mpaka likawa kama yai, na kuivuta mistari nyuma ya gari. Inapendeza, lakini gari linakuwa jepesi mno. La Helck linagonga barabara. Changarawe zinaruka, vumbi linameza magari ya nyuma, dereva ameushika usukani kwa mikono miwili kama anayepigana nao. Na msaidizi wake hasahauliki kamwe. Siku hizo kila gari lilibeba watu wawili, na huyu wa pili alipampu mafuta kwa mkono, aligeuka nyuma kutazama tairi na mahasimu, na kwenye kona alining'iniza mwili nje ili gari lisipinduke. Magazeti yalimsifu dereva peke yake. Helck alimpa msaidizi haki yake.

Mwaka 1941 alisikia kwamba Locomobile ile bado ipo, mikononi mwa Joseph Sessions, rafiki wa Riker. Akainunua. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu aione ikipita kwa kishindo, na sasa ilikuwa bandani kwake. Jambo la busara alilofanya ni lile ambalo hakulifanya: hakuipaka rangi upya. Namba 16 ilibaki ilivyochorwa 1908, imepauka na kukwaruzika. Wala hakuifungia ndani kama sanamu, bali aliiwasha na kuiendesha barabarani. Nadhani hapo ndipo alipopata kile ambacho picha za kamera za wakati ule hazingeweza kumpa, yaani mtetemo wa kiti na joto la injini miguuni.

Mwaka 1944 jarida la Esquire lilichapisha mfululizo wa michoro yake ya mbio maarufu, na kizazi ambacho hakikuwahi kuziona kikazijua kupitia kwake. Kuanzia 1948 alikuwa miongoni mwa wachoraji waliokuwa walimu wa Famous Artists School ya Connecticut, iliyofundisha kwa njia ya posta, pamoja na Norman Rockwell. Kisha akaandika. The Checkered Flag kilitoka 1961, Great Auto Races mwaka 1975, akiwa amevuka 80. Ni vitabu vya mtu anayeukumbuka ujana wake kwa mapenzi makubwa, pengine makubwa mno. Kuna wakati msomaji hutamani amsikie zaidi mkulima wa Long Island ambaye barabara yake ilifungwa ili matajiri washindane.

Helck alifariki 1988 akiwa na miaka 94. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 Locomobile ilikuwa imehamia Makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn, Michigan. Nako pia hawakuipaka rangi.