Silikoni iliyotiliwa shaka ndiyo iliyoifichua kwaki topu

KWA mujibu wa ratiba ya maabara ya CERN, mashine ya LHC, ile inayogonganisha protoni katika handaki lenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, inazimwa katikati ya mwaka 2026 kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Mafundi watashuka chini ya ardhi kung'oa sehemu za ndani kabisa za vigunduzi vikubwa viwili, ATLAS na CMS. CMS pekee ilijengwa na takriban mita za mraba 200 za silikoni, zenye mistari ya kunasa umeme zaidi ya milioni tisa. Mionzi ya miaka mingi imeichosha silikoni hiyo, na mpya iko njiani.

Kabla silikoni ya zamani haijafungwa ndani ya makasha na kusahauliwa, inafaa kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo wanafizikia wengi hawakuamini kuwa kifaa kama hiki kinaweza kufanya kazi pale protoni zinapogongana. Mabishano hayo hayakufanyika CERN, bali Batavia, jimbo la Illinois nchini Marekani, katika maabara ya Fermilab. Na waliosimama kidete walikuwa Waitaliano wa Pisa.

Kazi ya kifaa chenyewe haina fumbo. Bamba jembamba la silikoni, lenye unene wa mikromita 300 hivi, huchorwa mistari iliyosongamana upande mmoja, kisha huwekewa volti. Chembe yenye chaji ikilipenya, huachilia ndani yake elektroni zipatazo 24,000. Volti huzisukuma mpaka kwenye mstari ulio karibu, na mstari huo hutoa alama. Mabamba yakipangwa tabaka kwa tabaka kuzunguka mahali pa mgongano, alama hizo huunganishwa na kuwa njia ya chembe, na sumaku inavyoipinda njia hiyo ndivyo nguvu ya mwendo wa chembe inavyopimwa.

Thamani yake kubwa ni usahihi. Chembe iliyobeba kwaki botomu, mojawapo ya kwaki, yaani chembe za msingi za maada, huishi kama sehemu moja na nusu ya trilioni ya sekunde, halafu huvunjika. Hata ikienda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, inakuwa imesafiri milimita chache tu. Anayetaka kuitambua lazima aone kwamba baadhi ya njia hazikuanzia pale protoni zilipogongana, bali pembeni kidogo. Vyumba vya gesi na waya vya wakati ule havikuwa na macho ya kuona tofauti hiyo.

Hatua za mwanzo zinajulikana. Mwaka 1980 Josef Kemmer wa Munich alichukua mbinu za viwanda vya chipu na kuzitumia kutengeneza vigunduzi vya silikoni. Muda mfupi baadaye jaribio la NA11 la CERN lilivitumia kupima uhai wa chembe zenye kwaki chamu. Bamba lilikuwa dogo kuliko kiganja, lakini vifaa vya umeme vya kulisoma vilijaa pande zote. Mwaka 1984 Sherwood Parker na wenzake walionyesha chipu ndogo iliyoweza kusoma mistari 128 kwa pamoja, na hapo ndipo silikoni ilipopata njia ya kuingia katika mashine za kugonganisha chembe. Vigunduzi vya Mark II kule Stanford, kisha ALEPH na DELPHI kule CERN, viliifuata.

Lakini hivyo vyote vilikuwa katika mashine za elektroni na positroni, ambamo mgongano hutoa chembe chache na picha safi. Fermilab walikuwa na Tevatron, iliyogonganisha protoni na antiprotoni katika duara la zaidi ya kilomita sita. Protoni ni mkusanyiko wa vitu vingi, na mgongano wake hurusha makumi ya chembe kila upande, huku migongano isiyo na maana ikifurika kwa mabilioni.

Hapo ndipo Aldo Menzione wa taasisi ya INFN ya Pisa, mmoja wa wajenzi wa kigunduzi cha CDF, alipotaka silikoni iwekwe, karibu kabisa na bomba linalopitisha protoni. Hoja dhidi yake hazikuwa za kipuuzi. Chembe zingekuwa nyingi mno, njia zikachanganyikana. Mionzi ingeziua chipu. Nyaya, vipoza joto na vishikizo vingeingiza vitu vizito katikati ya kigunduzi na kuharibu vipimo vya wengine. Tena, faida yake iko wapi? Uchunguzi wa kwaki botomu ulihesabiwa kuwa kazi ya mashine za elektroni. Kuhusu kwaki topu, mwaka 1984 kundi la UA1 la CERN lilikuwa limedai kuona dalili zake ikiwa nyepesi, dai ambalo baadaye halikusimama. Hakuna aliyejua kwamba topu ni nzito kiasi kwamba itajificha kwa zaidi ya muongo mmoja.

Menzione na wenzake hawakurudi nyuma. Pisa ikashirikiana na maabara ya Berkeley, waliobuni chipu ya kusoma mistari, na makundi mengine ya CDF, na mwaka 1992 kifaa kilichoitwa SVX kikaingizwa mahali pake. Kilikuwa na urefu wa sentimita 51, tabaka nne, na mistari 46,080. Umbali kati ya mstari na mstari haukuzidi mikromita 60, karibu unene wa unywele wa kichwani. Tabaka la ndani lilikuwa sentimita tatu tu kutoka katikati ya boriti ya protoni. Hiki ndicho kigunduzi cha kwanza cha aina yake kuona mahali chembe zinapovunjikia katika mashine ya kugonganisha protoni.

Hoja ya mionzi ilithibitika kuwa ya kweli: chipu zilidhoofika, na mwaka 1993 SVX ikapisha kaka yake, SVX', yenye chipu zinazostahimili mionzi. Hoja nyingine zote ziliporomoka.

Tarehe 26 Aprili 1994, CDF walitangaza kuwa wamepata ushahidi wa kwaki topu. Topu huvunjika na kutoa kwaki botomu, na silikoni ilikuwa imeiona botomu katika matukio sita, ilhali bila topu yangetarajiwa mawili na ushei. Mbinu nyingine za kuitafuta zilipojumlishwa, matukio yakawa 12. CDF wenyewe waliamua kutotumia neno ugunduzi, kwa kuwa uwezekano wa bahati tu ulikuwa asilimia 0.26. Nauona uamuzi huo kuwa wa heshima kubwa, hasa ukikumbuka kwamba jirani zao wa D0 walikuwa wakiitafuta topu hiyohiyo katika duara lilelile, bila silikoni.

Tarehe 2 Machi 1995 shaka iliisha. Makundi yote mawili yalitangaza ugunduzi siku moja. Kwa upande wa CDF, silikoni sasa ilikuwa imetia alama 27 za kwaki botomu, mahali ambapo bila topu zingetarajiwa kama saba. Uzito wa topu ulipimwa kuwa GeV 176, karibu sawa na kiini kizima cha atomu ya dhahabu.

Mwenzake Menzione wa Pisa, Luciano Ristori, alikwenda mbali zaidi. Alitaka silikoni isisubiri kuchambuliwa baadaye, bali isaidie kuamua papo hapo ni mgongano upi uhifadhiwe na upi utupwe. Kifaa chake, SVT, kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kilizitambua njia za chembe ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Bila hicho, CDF wasingeweza mwaka 2006 kupima jinsi chembe ya Bs inavyogeuka kuwa kinyume chake na kurudi, karibu mara trilioni tatu kwa sekunde.

Mwaka 2009 Chama cha Fizikia cha Marekani kiliwapa wawili hao Tuzo ya Panofsky. Tevatron ilizimwa Septemba 30, 2011, na Menzione akafariki mwaka uliofuata. Nje ya duara la wataalamu, ni nani aliyesikia? Donald Glaser alipata Nobeli mwaka 1960 kwa chumba cha mapovu, na Georges Charpak mwaka 1992 kwa vyumba vya waya. Silikoni, iliyobeba kazi ya topu na baadaye ikasaidia kuithibitisha chembe ya Higgs mwaka 2012, haijampa mtu yeyote tuzo hiyo. Vitabu vya shule hutaja mwaka ambao chembe iligunduliwa na jina la aliyeitabiri. Fundi aliyeshona nyaya za mabamba chini ya hadubini, na mtu aliyebishana miaka mingi ili mabamba hayo yaruhusiwe kuingia, hawaandikwi. Huo ni upungufu, na mabamba yanayong'olewa sasa yangestahili kuhifadhiwa pamoja na majina ya walioyatengeneza, si kurundikwa tu ghalani kama taka zenye mionzi.

Vigunduzi vipya vitakutana na migongano ipatayo 200 kwa wakati mmoja, wingi ambao waliompinga Menzione hawakuuwazia. Katika CMS, mabamba mawili mawili yaliyobanana yatapima yenyewe mpindo wa njia ya chembe na kusaidia kuchuja matukio mara milioni 40 kwa sekunde, jambo ambalo Ristori angelitambua mara moja. Na ndani ya ATLAS, ambako karibu mirija 300,000 ya gesi imekuwa ikifuatilia chembe sambamba na silikoni tangu mwanzo, mirija hiyo inaondolewa yote, na nafasi nzima inachukuliwa na silikoni.