Mto Msimbazi na Watu wa Upanga

Wengi wenu mmekwisha kupita juu ya Daraja la Selander, pale Upanga inapokwisha, na pengine hamkuyatazama maji yaliyo chini yenu. Maji hayo ni mwisho wa Mto Msimbazi. Chimbuko lake ni katika vilima vya Pugu na Kisarawe, na mwendo wake wote haupiti sana maili 20. Wakati wa kiangazi mto huu ni kijito tu, hata mgeni hucheka akiambiwa kwamba ndio ule wenye sifa. Lakini mwenye kutaka kujua habari za Dar es Salaam na aanzie hapo, asianzie bandarini.

Kabla ya mji huu kuwako, pwani hii ilikuwa na vijiji vya Washomvi. Kilichojulikana zaidi kiliitwa Mzizima, karibu na mahali ilipo leo Hospitali ya Ocean Road. Watu wake walivua samaki, walipika chumvi, na walipanda minazi. Na katika mabonde wanawake walilima mpunga. Wazee husimulia kwamba Washomvi waliposumbuliwa na Wakamba, walimwendea Pazi Kilama, mkuu wa Wazaramo na mwindaji hodari wa tembo, wakamwomba msaada. Akashuka na watu wake, akawafukuza adui. Basi Washomvi wakaahidi kumtolea ada kila mwaka, chumvi na samaki wakavu na nguo. Hivyo Wazaramo wakapata njia ya pwani, na Washomvi wakapata ngao upande wa bara. Mimi nayaona mapatano hayo kuwa ndiyo msingi wa mji, kuliko majumba ambayo Sultani Majid wa Unguja alianza kuyajenga katika miaka ya 1860. Yeye alikufa mwaka 1870, na mengi ya majumba yale yakaachwa yakaota nyasi, lakini Wazaramo hawakuacha kuja na mizigo yao.

Mwaka 1887 walifika Wadachi, na pamoja nao mjumbe wa Injili, Johann Jakob Greiner wa misioni ya Kiprotestanti ya Berlin. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakajenga Pugu, kule juu lianzako bonde la Msimbazi. Kazi yao haikutimiza miaka miwili. Vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka pwani yote, na tarehe 13 Januari 1889 nyumba ya Pugu ilivamiwa na kuchomwa moto. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, hata baadaye wakakombolewa kwa fedha. Waliosalia wakashuka mjini wakaanza upya. Yafaa tukumbuke pia kwamba wale waliowavamia walikuwa na uchungu wao: nchi ilikuwa imetwaliwa na wageni wenye bendera, na si rahisi kwa mtu aliyenyang'anywa kumtenga mgeni mwenye msalaba na mgeni mwenye bunduki.

Habari za Kariakoo nyingi mnazijua. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wa vita, nalo jina lao la Kiingereza, likitamkwa Kiswahili, ndilo Kariakoo. Wapagazi kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa katika vita ile. Waliopona, wengi hawakurudi kwao. Walikaa, wakajenga nyumba za udongo zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Katika ua mmoja waweza kukuta Mzaramo, Mnyamwezi na Myao wakipikia mawe yale yale na kuzikana kama ndugu. Upanga nayo, iliyokuwa minazi na mashamba, baada ya Vita Kuu ya Pili ikapimwa viwanja, yakajengwa majumba, hasa ya Wahindi. Na wanakijiji wa zamani wakatawanyika.

Lakini bonde halikupimwa likaisha. Jangwani na Kigogo watu waliendelea kulima mchicha kando ya maji na kuuza sokoni, na wengine wakajenga humo humo, kwa kuwa ni karibu na kazi na kodi ni nafuu. Desemba 2011 ikanyesha mvua ambayo mfano wake haukuonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 wakafa katika mji. Wengi walilala mashuleni, kisha jamaa nyingi zikapelekwa Mabwepande, mbali kaskazini. Baadhi yao wakarudi bondeni, na watu wa mjini wakasema, "Hawana akili." Neno hilo silikubali. Kule walipewa kiwanja, lakini hawakupewa soko, wala jirani wa kumwachia mtoto, wala jumuiya iliyowajua kwa majina.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kulitengeneza bonde: wakaao chini walipwe fidia wahame, na Jangwani pajengwe daraja lililo juu zaidi. Mwaka huo huo lilifunguliwa Daraja la Tanzanite, lipitalo baharini mbele ya lile la Selander. Kati ya madaraja hayo mawili na mikoko, maji ya Pugu huingia baharini. Jina la Mzizima limebaki katika shule moja ya Upanga, na watoto wengi wanaosoma humo hawajaambiwa kwamba lilikuwa jina la kijiji.