Upele wa Paka: Mdudu Mdogo Mwenye Historia Ndefu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunazungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo: paka wa nyumbani anayejikuna usiku na mchana. Tunaanza na kosa letu wenyewe, ili mwenzetu asilirudie.

Miaka michache iliyopita, hapa kwetu Ruharo, Mbarara, tulikuwa na paka wa ndani. Alianza kujikuna masikio, manyoya yakamtoka kwenye paji la uso, kisha ncha za masikio zikawa na magamba magumu. Jirani mfugaji alikuwa amebakiwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tukajiambia: dawa inayoua kupe wa ng'ombe wa Ankole itashindwaje na mdudu wa paka? Tukampaka. Baada ya swala ya Isha paka alianza kutetemeka na kutokwa na mate. Kabla ya Alfajiri alikuwa amekufa.

Nia yetu ilikuwa njema, lakini nia njema haiondoi sumu. Tangu siku ile tulianza kusoma habari za ugonjwa huu, tukaona kwamba binadamu wametumia karne nyingi kujibu swali moja: ni nini hasa kinachowasha?

Upele zama za Mtume (s.a.w.)

Waarabu waliujua upele kupitia ngamia wao. Waliwapaka lami iitwayo qatrani. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), bedui mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) jinsi ngamia wazima wanavyoupata baada ya kuchanganyika na ngamia mwenye upele. Mtume (s.a.w.) akamuuliza ni nani basi aliyemwambukiza yule wa kwanza, kumkumbusha kuwa kila jambo liko mikononi mwa Allah. Lakini vilevile imepokewa kwamba alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa ngamia wazima. Imani haikuondoa tahadhari.

Imepokewa pia kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Zubayr na Abdurrahman bin Awf (r.a.) waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya mwasho. Na kuhusu paka, Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia chombo cha maji akanywa, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukia majumbani.

Ibn Zuhr na mdudu asiyeonekana vizuri

Kwa muda mrefu matabibu wengi, wakiwafuata Wagiriki, waliamini kuwa upele unatokana na uchafu wa damu na mchafuko wa mwilini. Katika karne ya 10 tabibu Ahmad at-Tabari aliandika juu ya kidudu kinachoweza kutolewa kwenye ngozi kwa ncha ya sindano. Kisha akaja Ibn Zuhr wa Sevilla, Andalusia, aliyefariki mwaka 1162. Katika kitabu chake At-Taysir alieleza viumbe vidogo sana vinavyotoka ngozi inapochubuliwa, vidogo kiasi kwamba jicho linaviona kwa shida. Hakuwa na hadubini. Alitazama kwa makini tu.

Mwaka 1687 Waitalia wawili, Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni, walitumia hadubini, wakamchora mdudu huyo na mayai yake, wakasema yeye ndiye sababu ya upele. Wakubwa wa tiba hawakuwasadiki. Mwaka 1812, mjini Paris, Jean-Chrysanthe Galès alidai amemwonyesha mdudu huyo, lakini baadaye ikabainika kuwa mchoro wake ni wa mdudu wa jibini. Aibu hiyo ikawafanya wengi wakatae kabisa kuwa mdudu wa upele yupo.

Ukweli ulirudi mwaka 1834 kupitia mwanafunzi, Simon François Renucci wa Corsica. Kwao aliwaona wanawake wa kijijini wakiwatoa wadudu hao kwa sindano, akafanya vivyo hivyo mbele ya madaktari wa Paris. Wanafunzi wetu wazingatie hapa: elimu ya akina mama wa kijijini iliwashinda maprofesa waliokuwa wakibishana.

Kutoka udongo wa Japani hadi Uganda

Baada ya kujulikana mdudu, ikabaki kupata dawa. Salfa ilitumika tangu zamani na bado inafaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Japani alikusanya udongo karibu na uwanja wa gofu, akapata humo bakteria mpya. Kutokana na bakteria hao, William Campbell na wenzake katika kampuni ya Merck nchini Marekani walipata dawa iliyozaa ivermektini. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1981. Mwaka 1987 Merck ilitangaza kuitoa bure dhidi ya usubi, ugonjwa wa mwasho mkali na upofu. Watu wa magharibi mwa Uganda waliomeza vidonge hivyo mwaka hadi mwaka wanaijua vizuri. Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Dawa nyingine ina asili karibu na kwetu. Maua ya pareto, yanayolimwa Kenya, Tanzania na Rwanda, yana sumu ya wadudu. Wanasayansi waliiga sumu hiyo, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini. Inaua upele wa binadamu, na inatumika kwa mbwa na ng'ombe. Lakini kwa paka ni hatari kubwa, kwani ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Tena paka hujiramba, na kila ulichompaka kinaingia tumboni. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe nayo ni sumu kwake. Vivyo hivyo ile dawa nyeupe ya benzili benzoeti wanayopakwa watoto wenye upele.

Mama kutoka Nakivale

Mwaka uliofuata alitujia mama mmoja kutoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambayo yamewapokea Wanyarwanda, Wakongo, Wasomali, Warundi na wengineo. Alikuwa na mtoto mwenye vipele katikati ya vidole, na paka ndani ya gunia.

"Ustadhi, huyu ndiye anatuletea upele. Nataka kumtupa, ila panya watamaliza posho yetu."

"Mama, subiri kwanza. Twende tukaulize wenye elimu."

Tulikwenda kwa daktari wa mifugo. Alikwangua ngozi ya paka, akaweka kwenye hadubini, akatuonyesha utitiri wenye miguu minane. Akatueleza kuwa huyo anaitwa Notoedres cati. Humwasha binadamu kwa siku chache lakini haweki makao katika ngozi yake. Upele wa mtoto ulitoka kwa watu, kwa kulala wengi kitanda kimoja. Paka alichomwa sindano ya ivermektini iliyopimwa kwa uzito wake, akarudishwa baada ya wiki mbili. Mtoto alipelekwa hospitali, na nyumba nzima ikatibiwa pamoja naye. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, kwa hiyo familia isione haya kuutibu.

Mambo ya kushika

1. Si kila mwasho ni utitiri. Mara nyingi ni viroboto, na huweza kuwa ukungu au chakula kisichomfaa. Paka asiyetoka nje naye hupata wadudu kupitia nguo zetu au mnyama mwingine.
2. Uchafu mweusi masikioni, kama masimbi ya kahawa, mara nyingi ni utitiri wa masikio. Usichokonoe kwa kijiti.
3. Usimpake paka dawa ya ng'ombe, ya mbwa wala ya binadamu, wala mafuta ya taa au oili chafu.
4. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akwanguliwe ngozi. Ipo dawa ya kudondosha shingoni iitwayo selamektini, na ipo salfa ya chokaa. Kipimo kitoke kwa daktari.
5. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai hadi mdudu mzima ni kama wiki tatu. Usiache matibabu katikati kwa kuona amepata nafuu.
6. Tibu paka wote wa nyumba, na ufue matandiko yao kwa maji ya moto.

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa dawa. Lakini dawa ya mgonjwa mmoja inaweza kuwa kifo cha mwingine. Sisi tulilijua hilo tukiwa tumekwisha kuchimba shimo nyuma ya nyumba, na watoto wamesimama wakitutazama. Paka wa Nakivale, alhamdulillah, manyoya yake yalirudi na anaendelea kulinda posho.

Wabillahi tawfiq.